Chatu aliyekonda haponi kwa kushindiliwa panya

"Mpe panya mkubwa ashibe, mwili utarudi wenyewe." Ushauri huo aliutoa mjomba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kwetu Mikindani mjomba akishasema, waliobaki huitikia tu. Anayeshauriwa ni kijana wetu anayeishi Manchester. Amechukua chatu wa kufugwa kutoka kwa mtu aliyekuwa akimlisha akikumbuka. Nyoka ana miaka miwili na uzito wa gramu 260. Wenzake wa umri huo mara nyingi wameshapita gramu 700. Uti wa mgongo umechongoka kama paa la nyumba. Chatu mwenye afya mgongo wake ni wa mviringo.

Tuanze na hofu, maana imetawala mazungumzo kuliko tiba. Mtu wa kusini mwa Tanzania akisikia chatu, anamwona yule wa bonde la Ruvuma anayeweza kupita mita 4 na kumeza mbuzi. Huyo ni Python natalensis. Wa kijana wetu ni Python regius, jamaa wa Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali hadi Uganda. Akikomaa huwa na mita moja hadi moja na nusu, na akitishwa hujiviringisha akaficha kichwa katikati. Basi ile habari kwamba chatu hujinyoosha kando ya mwenye nyumba usiku ili apime kama atamtosha, tuiache barazani. Hata angepima, angeona mwenyewe kwamba hesabu haitoki.

Sasa turudi kwa mjomba. Kwa mgeni aliyekonda ushauri wake ni wa utu kabisa, lakini kwa nyoka aliyeshinda njaa muda mrefu unaweza kuua. Tumbo la chatu halikai tayari muda wote. Kati ya mlo na mlo utumbo husinyaa, na akimeza hulazimika kuujenga upya ndani ya siku chache, kazi inayokula nguvu nyingi. Aliyekonda hana akiba ya kuigharamia. Panya mkubwa hukaa tumboni bila kusagika, kisha hutapikwa, na nyoka hupoteza maji na nguvu alizokuwa amebakiwa nazo.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hutoka kwenye damu na kukimbilia ndani ya seli, na moyo unaweza kushindwa. Akina mama waliowahi kulazwa na mtoto mwenye utapiamlo mkali wanalijua hili bila kuambiwa sababu: wodini mtoto haanzishiwi ubwabwa na samaki, huanza na maziwa maalumu ya F-75 kidogo kidogo, na yale mazito ya F-100 hufuata baadaye.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ni maji safi, joto na utulivu, bila kumshikashika. Kisha mlo mdogo, chini ya asilimia 10 ya uzito wake. Kwa gramu 260, kipanya cha gramu 15 hivi kinatosha, halafu asubiri wiki nzima. Milo kadhaa ikikaa tumboni na kinyesi kikatoka vizuri, ndipo ukubwa unapanda. Akitapika, apumzishwe kama wiki mbili, na akirudi kula apewe mlo mdogo kuliko ule wa mwanzo. Baada ya kula asibebwe kwa siku mbili angalau.

Shangazi yeye alileta maziwa na yai bichi. Maziwa ni chakula cha watoto wa wanyama wanaonyonyesha. Nyoka hana kazi nayo. Ukisikia nyoka fulani amekunywa, jua alikuwa na kiu. Mayai wapo nyoka wa Kiafrika wanaoishi kwayo, ila huyu si wao. Yeye hula panya na ndege.

Na panya wenyewe? Wa kwenye ghala la korosho hafai, maana huenda amekula sumu, na minyoo hakosi. Panya hai naye hung'ata, na nyoka dhaifu anaweza kuachiwa jeraha na kitoweo chake mwenyewe. Uingereza maduka huuza panya waliogandishwa. Anayeyushwa usiku kucha kwenye jokofu, anapashwa kwa maji ya moto, anashikwa kwa koleo ndefu. Maikrowevu hapana. Halafu kijana anunue friza lake pembeni. Ndoa nayo inahitaji kulelewa.

Binamu mmoja aliandika kwamba chatu ni wa Afrika, ameumbwa kustahimili joto, hivyo taa ya nini. Ameumbwa kulihitaji. Bila joto hasagi chakula, na panya huozea tumboni. Upande mmoja wa tangi unatakiwa nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27 ili achague mwenyewe, na kifaa cha joto lazima kiwe na kidhibiti, la sivyo kitambabua. Unyevu uwe asilimia 55 hadi 70. Mtwara mjini ingekuwa rahisi, ingawa nisingethubutu usiku wa baridi wa Julai kule Newala.

Nyoka kukaa miezi bila kula ni kweli, kwa mkubwa aliyenona. Mdogo aliyekonda hana ruhusa hiyo. Apimwe kila wiki kwa mzani wa jikoni. Uzito ukiendelea kushuka, au akikataa chakula wakati joto liko sawa, ni daktari wa wanyama mwenye kujua nyoka, na aende na kinyesi kibichi kikapimwe minyoo. Kumlazimisha kwa mrija si kazi ya kujifunzia nyumbani.

Kudumaa hakukutokana na udogo wa tangi, kama wengi walivyodhani. Nyoka halingani na sanduku lake. Ni chakula. Na tangi kubwa tupu humtisha hadi agome kula, kwa hiyo awekewe maficho mawili ya kumbana, moja kila upande.

Kuna aliyemaliza kwa kusema atamkamata wake shambani Nanguruwe, ni bure. Hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga mnyamapori bila kibali. Ukimkuta chatu kwenye mikorosho, mpe nafasi aondoke. Akiingia zizini au nyumbani, mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri yako.