Fulana ya chama na mnyororo wa pikipiki

Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi simu yangu hubadilika mlio. Ofisi yangu iko Chumbageni, Tanga mjini, chumba kimoja chenye feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza, na kazi yangu ni ushauri nasaha wa ndoa. Miezi mingine nasikiliza habari za fedha, mawifi, nyumba ndogo na simu zenye nywila. Msimu wa kampeni una maradhi yake. Watu wazima wenye wajukuu wananijia wamelala mzungu wa nne wiki mbili, na ukiwauliza kisa, ni chama.

Mke na mume mmoja walikuja na ushahidi mkononi. (Visa vya hapa nimevichanganya na kuvibadilisha, kwa hiyo watu wa Makorora msianze kunyoosheana vidole.) Mama alifungua mkoba akatoa fulana ya chama chake, mpya, na katikati ya kifua pana doa jeusi la grisi, pana kama kiganja. Baba ni bodaboda. Asubuhi ile pikipiki ilikuwa inapiga kelele, akaingia ndani, akachukua kitambaa cha kwanza alichokiona, akafutia mnyororo.

"Mama watoto, lile si tambara tu? Wanagawa bure."

"Tambara?" Mama akaikunja fulana polepole, doa likawa juu. "Umenifutia mimi."

Ukisimama nje ya dirisha utasema hawa wanagombania vyama. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, na naweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja ndoa nilizoona zinaumizwa na sera. Hakuna aliyewahi kunijia akilia kwa sababu mwenzake anataka muundo tofauti wa serikali. Wanalia kwa sababu wamedharauliwa, na chama ndicho kilichokuwa karibu na mkono.

Kwa hiyo sikuwauliza nani ana haki. Niliwapa kazi ninayowapa wengi: mweleze mwenzako anachokiamini yeye, kwa maneno ambayo mwenyewe atayakubali, mpaka aseme "naam, hivyo hivyo". Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Baba alianza: "Yeye anakipenda chama kwa sababu ya kanga na pilau." Mama akatikisa kichwa. Akajaribu tena: "Anafuata mashoga zake." Mama akageukia ukutani. Mara ya tatu alikaa kimya kidogo, akakuna kidevu, akasema kwamba mama mkwe alipolazwa, wanawake wa tawi walipokezana usiku wiki nzima, mmoja analeta uji, mwingine anafua mashuka, na yeye siku zile alikuwa barabarani anatafuta hela ya dawa. "Nadhani anaona wale ndio waliosimama naye." Mama hakusema naam. Alianza kulia, nami nikaipokea kuwa ndiyo.

Ikawa zamu yake. Naye alipita njia ile ile: kwanza "anapinga kila kitu tu", kisha "vijana wa kijiweni wamemjaza maneno", halafu akafika kwenye kibanda cha chipsi alichokuwa nacho mumewe kabla ya pikipiki, kilichobomolewa asubuhi moja, mafuta bado yako kwenye karai. Tangu siku hiyo, alisema, akimwona mtu yeyote jukwaani anaahidi, huzima redio. Baba akasema, "Naam. Hivyo hivyo."

Hakuna aliyehama chama. Sikutaka wahame.

Hapo wateja wangu wengi hushangaa, kwa sababu huja wakidhani nitawapatanisha kwa kuwafanya wafanane. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyetumia miongo mingi kuwachunguza wanandoa wakigombana, aliona kwamba kama asilimia 69 ya migogoro yao ni ile isiyokwisha: inarudi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu inatokana na watu wawili kuwa watu wawili. Walio na ndoa nzuri wanayo, na walio na ndoa mbovu wanayo. Kinachowatofautisha ni namna wanavyoizungumza. Katika mambo aliyoyataja kuwa yanaua ndoa, kubwa kuliko yote ni dharau: kubinua mdomo, kukejeli, kumfanya mwenzako mjinga. Sisi watu wa Tanga tunajua dharau ina kabati zima la nguo.

Nami nalijua kabati hilo kwa ndani. Mwaka 2015 jimbo la Tanga Mjini lilikwenda kwa wapinzani, CUF, na mwaka 2020 likarudi kwa chama tawala, CCM. Katika hiyo 2015 mimi na mume wangu tulikuwa pande mbili. Nani alikuwa wapi haiwahusu. Siku ya matokeo upande wangu ulikuwa umefurahi, na dada zake walikuwa wamekuja kututembelea. Nikaingia sebuleni na sinia la chai, kiunoni nimejifunga kanga iliyoandikwa "Mtasema mchana, usiku mtalala". Sikusema neno. Niliweka sinia, nikageuka taratibu ili maandishi yasomeke vizuri, nikarudi jikoni. Wifi zangu waliangua kicheko.

Bwana alikula kwa mama lishe wa Barabara ya 12 siku tatu. Usiku wa tatu akaniambia: "Ungenitania mimi mwenyewe, ningecheka. Umenicheka mbele ya dada zangu." Na mimi ndiye niliyesomea kazi hii, cheti kimetundikwa ukutani.

Kwa hiyo ninapomwambia mtu kwamba utani wa chama una mahali pake, najua ninachosema. Mkiwa wawili, chandarua kimeshushwa, tanianeni mpaka mchoke. Ndoa nyingine zinanoga kwa hilo. Mbele ya mawifi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, au kwenye status ambayo mama mkwe anaiona, utani ule ule ni mpasho. Na mpasho haurudishwi.

Wazee wetu wana ushauri mmoja wanaoupenda: siasa iacheni mlangoni pamoja na viatu. Nawaheshimu, lakini hapa nakataa. Mlango gani? Nyumba za Ngamiani zimepangana kibaraza kwa kibaraza, bendera ya jirani inapepea kwenye dirisha lako, gari la matangazo linapita saa saba mchana mtoto amelala, na kanga ya kampeni iko kambani pamoja na shuka lako. Halafu bei ya sukari ni siasa, ajira ya bandarini ni siasa, na maji yanayotoka usiku wa manane ni siasa. Ukiwaambia watu wasiyazungumze hayo, umewaambia wasizungumze maisha yao. Nilichokiona ni kwamba walionyamaza kwa amri huishia kununa, na kununa kuna sauti kubwa kuliko gari la matangazo.

Kuahirisha ni jambo jingine, na hilo nalipendekeza sana. Huyo huyo Gottman alionyesha kwamba moyo wa mtu aliyepandwa na hasira ukizidi mapigo kama 100 kwa dakika, masikio yake ni kama yameziba. Hata ukimwambia neno la haki halimfikii. Anahitaji dakika 20 hivi, pengine zaidi, mwili utulie. Basi toka, nenda kanywe kahawa. Ila nina sharti moja kwa wanaume zangu: usiende kijiweni kwako. Kijiwe kitakusikiliza, kitakusikitikia, kitakuongezea hoja tatu ulizokuwa huna, na utarudi nyumbani na mapigo 120. Tembea mpaka Raskazone uangalie bahari.

Watu huniuliza kama haya ni ya kwetu tu. Siyo. Huko Marekani, mwaka 1960 watu waliulizwa kama wangechukia mtoto wao kuoa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Waliosema ndiyo walikuwa kama 5 katika kila 100. Walipoulizwa tena mwaka 2010, upande wa Republican ilikuwa karibu nusu, na Democrat theluthi moja. Kwa hiyo anayedhani siasa ndani ya ndoa ni ushamba wa uswahilini, ajue wakubwa wenyewe wametutangulia.

Kuna bibi mmoja ninayemsimulia kila mara. Yeye na mzee wake walioana chama kikiwa kimoja. Vyama vingi, vilivyoruhusiwa mwaka 1992, viliwakuta tayari wana watoto wanne. Mzee ni mtu wa chama hasa, kadi anaitunza kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja. Tangu uchaguzi wa 1995 amekuwa akimuuliza mkewe kampigia nani. Ni chaguzi saba sasa. Kila mara bibi hujibu: "Nimeiacha kwenye sanduku, nenda kaiulize." Mzee aliponisimulia alikuwa analalamika, lakini mdomo unacheka. Nilipomuuliza bibi kwa nini hasemi, alinitazama kama niliyeuliza bei ya kitu kisichouzwa. "Mwanangu, kila kitu nimempa. Hicho kimoja changu."

Kura ni siri, na sheria haikusema ni siri kwa kila mtu isipokuwa mume. Nalisema hili polepole kwa mabinti wanaokuja kwangu kabla ya nikaha, kwa sababu kwa makungwi wao wamefundishwa kutomficha mume kitu. Kumficha deni ni kosa. Kura haimo humo.

Sasa kuna jambo ambalo silitengenezi kwa zoezi la "naam, hivyo hivyo". Mwanamume anayefungia kichinjio cha mkewe, yaani kadi yake ya kupigia kura, kabatini mpaka vituo vifungwe hana tofauti ya mtazamo na mkewe. Anamnyang'anya haki yake. Anayempiga, vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, na haikuweka nafasi ya msimu wa uchaguzi. Wenzetu wa ng'ambo ya maji wameonja mabaya zaidi: Zanzibar, baada ya chaguzi zenye mvutano, kuna wanawake walioandikiwa talaka kwa sababu ya kura zao. Mimi husema wazi kwa wanaotishia hivyo ofisini kwangu: kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama huyaangalia kama dalili kwamba ndoa imevunjika, yakiwemo uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzako, hata kubadili dini. Kubadili chama hakumo. Na kabla ya kufika mahakamani kuna Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambako wazee watakuuliza kisa, na itabidi ukitamke kwa sauti. Wengi, wakijaribu kukitamka kwangu kwanza, huona aibu wenyewe.

Habari za nani amerudi saa ngapi kutoka mkutanoni, na posho ya kampeni imekwenda wapi, nazipita haraka. Huo ni wivu na fedha vilivyovaa kofia ya chama, na dawa yake ni ile ile ya siku zote.

Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 uliniletea kitu ambacho sikukizoea. Ndani ya nyumba swali halikuwa tena unampigia nani. Lilikuwa utakwenda kupiga kura au hutakwenda. Kisha zikaja vurugu, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa siku kadhaa. Nilipokea mume na mke ambao mdogo wa mwanamke yuko Dar es Salaam, na siku zile zote hawakujua hali yake. Alipatikana mzima. Lakini kilichowaleta kwangu ni neno moja la mume, alilolisema usiku wa pili mke akiwa ameshika simu isiyoshika: "Nilikwambia."

Kwa Kiswahili chetu mtu aliyepatwa na jambo hupewa pole kwanza. Hata adui yako akifiwa, unakwenda, unakaa mkekani, hoja zako unaziacha kwenye viatu. Hapo wazee wako sahihi kabisa na mlango wao. Nilimwambia yule bwana: hata kama ulikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, pole ilitangulia, nawe hujaitoa mpaka leo. Aliitoa pale pale, kwa kukwamakwama, miezi miwili imechelewa. Mke aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Sikujua kama imetosha, na sikuuliza.

Wale wa fulana walirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho Mama alikuja nayo tena, imepigwa pasi. Baba alikuwa ameilowesha kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa sabuni ya mche mwenyewe, uani, wapangaji wote wakimwona anafua fulana ya chama asichokipenda. Vijana wa kijiweni walimwimbia wiki nzima. Niliinyoosha mezani kuiangalia.

"Halijatoka lote," Mama akasema. "Kwenye mkutano najitanda mtandio."