Je, wajua? Boriti ya daraja hupindwa kwa moto bila kusukumwa

Mtazame fundi wa mageti. Akichomelea fremu upande mmoja tu kisha ikapoa, akija kupima na skwea atakuta chuma kimevuta kuelekea kule alikochoma. Kwake hiyo ni kero, ndiyo maana fundi mzoefu hudonoadonoa weldi huku na huku. Kwenye karakana za madaraja, kero hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi.

Barabara inayozunguka ikipanda daraja la juu huhitaji boriti zilizopinda. Boriti hizo zina umbo la I: bapa juu, bapa chini, na ukuta katikati. Unaweza kukata mabapa yakiwa yamepinda tayari kutoka kwenye bamba pana, lakini mabaki ni mengi na chuma ni ghali. Njia nyingine ni kuunda boriti iliyonyooka, kisha kupasha kingo za mabapa yote mawili kwa gesi, upande mmoja tu.

Hapo ndipo penye utamu. Mita moja ya chuma ikifika nyuzi 600 za Selsiasi hutaka kurefuka kwa karibu milimita 8. Lakini ukingo ule umeshikana na chuma kingi cha baridi kisichokubali kurefuka nao. Kwa joto hilo nguvu yake imeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo ukibanwa kwa urefu, hunenepa, na unene huo haurudi. Ukipoa, hunywea kama chuma chochote kinachopoa, ila safari hii unaanzia kwenye urefu uliokwisha kupunguzwa. Unaishia mfupi kuliko ulivyokuwa kabla ya moto, nayo boriti nzima huvutwa kuelekea huko. Moto hulainisha tu; kinachobana ni kile chuma baridi.

Na anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kazi imeharibika. Wakati moto unawaka, boriti hujipinda upande usiotakiwa, kwa sababu ukingo wa moto umerefuka kidogo. Inapopoa hurudi, hupita pale ilipokuwa imenyooka, na kuendelea hadi upande wa pili.

Ufupi unaohitajika ni mdogo mno. Chukua boriti ya mita 30, mabapa yake yana upana wa sentimita 40, na barabara ina nusukipenyo cha mita 200. Ukingo wa ndani unatakiwa kuwa mfupi kuliko wa nje kwa sentimita 6 tu, lakini katikati boriti itakuwa imetoka kwenye mstari kwa zaidi ya nusu mita.

Ugumu uko kwenye kuuongoza moto. Kanuni za madaraja za Marekani huweka kikomo cha nyuzi 620 hadi 650 hivi kwa vyuma vya kawaida, kwa kuwa ukikaribia 727 muundo wa ndani wa chuma huanza kubadilika. Jicho halitoshi hapo, hivyo mafundi hutumia chaki maalumu inayoyeyuka joto likifika kiwango kilichopangwa. Maji nayo hayamwagwi chuma kikiwa bado cha moto sana. Huachwa kipoe chenyewe hadi kishuke chini ya nyuzi 315 hivi. Mkunjo wenyewe hupimwa boriti yote ikiwa imepoa sawasawa, na ukipungua, kingo hupashwa tena.