Kiko cha Amboseli na tumbaku inayokifaa

Wenzangu wanaovuta kiko wakipata kipya hunionyesha sura yake kwanza: mpindo wa shina, mng'aro wa bakuli, pete ya fedha shingoni. Swali langu huwa moja tu: utakitia tumbaku gani? Kuna majani yanayotaka mbao na kuna yanayotaka jiwe. Asiyelijua hilo atatoa pesa nyingi kwa kiko cha fahari, kisha alalamike kwamba kinamchoma ulimi. Kazi yangu hapa Arusha ni kutengeneza viko vya zamani, na leo nataka kukieleza kile ninachokipenda kuliko vyote, ambacho wengi wakikiona kwenye vitu vya mtumba wanakipita: kiko cha jiwe la Amboseli.

Jiwe lenyewe ni mershamu. Wataalamu wa madini huliita sepioliti, nalo ni mchanganyiko wa magnesi na silika wenye maji ndani yake. Likikauka huwa jepesi kiasi cha kuelea majini. Likiwa bado na unyevu wa ardhini, kisu cha kawaida kinalichonga bila shida. Duniani linajulikana zaidi kwa lile la Eskişehir, Uturuki, jeupe na laini, ambalo katika karne ya 19 mafundi wa Vienna walilichonga vichwa vya masultani, simba na makucha ya tai yaliyoshika yai. Katika miaka ya 1970 Uturuki ilizuia jiwe ghafi lisitoke nchini, ili kazi ya kuchonga na faida yake vibaki kwa mafundi wake. Uamuzi huo nauheshimu sana.

Letu linatoka kaskazini mwa Kilimanjaro, kwenye bonde la Amboseli linalokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania. Zamani hapo palikuwa na ziwa. Maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano yalibeba silika na magnesi, jua likayakausha, madini yakabaki chini pamoja na udongo. Upande wa Tanzania jiwe hili lilichimbwa Sinya, ambayo leo iko wilaya ya Longido. Uchimbaji ulishika kasi miaka ya 1950, na hapa Arusha kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ikawa inatengeneza viko vilivyouzwa nje kwa jina la Kiko, vikiwa na nembo ya tembo. Jiwe jingine lilisafirishwa ghafi. Sehemu yake ilifika hadi Laxey, kijiji cha kisiwa cha Man kati ya Uingereza na Ireland, kukawa na kiwanda kinacholichonga. Jingine lilitumika kuwekea viko vya mbao bitana ya ndani, yaani nje unaona mbao na ndani moto unakutana na jiwe.

Ukiliweka jiwe la Amboseli kando ya lile la Uturuki, tofauti unaiona papo hapo. La Uturuki ni jeupe na chembe zake ni ndogo mno. Letu lina ukijivu, pengine umanjano, mara nyingi lina madoadoa, na ukilishika ni zito kidogo. Kuchonga ndevu za sultani kwenye jiwe hili ni kulionea. Mafundi wa Arusha walilijua hilo, wakafanya la maana: waliacha maumbo yawe ya kawaida, wakayatia rangi ya kahawia au nyeusi, na mengine wakayavalisha ngozi. Wapo wakusanyaji wa Ulaya wanaoviita viko hivi vya daraja la pili. Kwa pambo la kabatini sibishani nao. Kwa kuvutia nabishana nao kabisa, kwa sababu kinachofanya kazi ndani ya bakuli ni vitundu vya jiwe, na hivyo letu linavyo.

Tumbaku inapoungua hutoa maji. Majani yenyewe yana unyevu, na moto nao huzalisha mvuke. Mvuke huo ukipoa kwenye shina unakuwa umajimaji mweusi, mchungu, unaokoroma ukivuta. Moshi wenye mvuke mwingi ndio unaochoma ulimi, kuliko ukali wa tumbaku yenyewe. Sepioliti imejengwa kwa nyuzi zenye mifereji midogo isiyoonekana kwa macho, na mifereji hiyo hunywa maji. Ndiyo maana moshi wa kiko cha jiwe huja mkavu na wa baridi. Tena jiwe haliungui, kwa hiyo halihitaji kuzoeshwa. Unalivuta siku ya kwanza kama utakavyolivuta baada ya miaka.

Mbao ni habari nyingine. Viko vingi vizuri vya mbao ni vya briari, yaani kifundo kinachoota kati ya mzizi na shina la kichaka cha *Erica arborea* kwenye vilima vinavyoizunguka bahari ya Mediterania. Kichaka hicho huota penye mawe na ukame, kikajifunza kuhifadhi maji na kustahimili moto. Vifundo huchemshwa saa nyingi kuondoa utomvu, kisha hukaushwa polepole kwa miezi, wakati mwingine miaka. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura huko Ufaransa, ulianza kuvichonga miaka ya 1850 na ukatajirika kwavyo. Kiko kipya cha briari kinataka uvumilivu: uvute taratibu mpaka ndani pajenge ukoko mwembamba, unene wa milimita moja hivi, unaoikinga mbao isiungue. Kwenye briari ukoko ni ulinzi.

Kwenye jiwe ukoko ni adui. Ukiachwa ukawa mnene hufunga vile vitundu, na zaidi ya hapo hutanuka kwa joto kwa kiwango tofauti na jiwe. Siku moja bakuli linapasuka. Viko vingi vya Amboseli ninavyoletewa vimeharibiwa na mtu aliyevitunza kwa bidii kama briari.

Mama mmoja kutoka Moshi aliniletea kiko cha marehemu baba yake kikiwa kwenye kitambaa. "Fundi, hiki kinapona kweli?" Ndani palikuwa pamejaa ukoko hata kidole kidogo hakikuingia. Nikamwambia, "Kinapona, mama, ila kisiguswe na kisu." Jiwe ni laini, kisu kinachimba. Nilizungushia karatasi ya msasa kwenye kijiti cha mviringo nikasugua kidogo kidogo, nikipuliza vumbi kila mara, mpaka rangi ya jiwe ilipoanza kuonekana nikaacha. Sikuufikia weupe wenyewe, kwa kuwa jiwe lililozeeka na moshi halirudi kuwa jipya na halina haja ya kurudi. Shina nililisafisha kwa vijiti vya manyoya vilivyoguswa spiriti, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho kikatoka safi. Spiriti ya kujaza bakuli pamoja na chumvi, wanayoitumia watu kwenye briari, usiipeleke kwenye jiwe kamwe. Jiwe litainywa yote.

Mrija wa mdomoni ulikuwa wa kijani kibichi. Huo ulikuwa ebonaiti, yaani mpira uliokazwa kwa salfa, na jua huitoa ile salfa juu. Niliuchomoa, nikausugua kwa msasa laini wenye maji mbali na jiwe, nikaumalizia kwa tone la mafuta. Bakuli kwa nje nililipaka nta ya nyuki kidogo, nikalifuta. Jina Kiko na tembo wake vikasomeka tena. Mama alikipeleka nyumbani kukiweka kabatini. Kwao hakuna anayevuta, na nilifurahi kusikia hivyo.

Sasa tumbaku. Wakulima wetu wanazitaja kwa namna zinavyokaushwa, na huo ndio mpangilio mzuri kuliko wote kwa mvutaji pia. Tumbaku ya mvuke, ambayo ni Virginia, hulimwa kwa wingi Tabora na Urambo. Majani huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, linalopashwa joto na mabomba, moshi wa kuni usiyafikie. Joto hilo huyafanya yawe manjano na kuifungia sukari ndani. Sukari ndiyo utamu wa Virginia, na sukari hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iungue kwa moto mkali ukivuta kwa pupa. Tumbaku ya hewa, au Burley, hukaushwa kivulini. Sukari yake karibu yote hupotea, inabaki na ladha kama ya karanga, na hunywa vizuri vikolezo. Ndiyo maana watengenezaji wa tumbaku za vanila na cheri hupenda kuitumia, pamoja na kavendishi, yaani majani yaliyotiwa utamu, yakapashwa mvuke na kugandamizwa.

Ya tatu ni tumbaku ya moshi. Hii ni ya Ruvuma, Songea na Namtumbo, ambako wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, Ngoni-Matengo, tangu 1936. Hapa moto wa kuni huwashwa ndani ya bani lenyewe na moshi unapita kwenye majani. Yanatoka ya kahawia iliyokolea, mazito, yenye harufu ya jiko la kuni. Kidogo tu kinatosha kubadili mchanganyiko mzima. Nasikitika kwamba karibu yote huondoka kwenye marobota, na sisi tunayapata tena, kama tunayapata, ndani ya kopo la mgeni.

Ndugu yake wa mbali ni Latakia, iliyopewa jina la bandari ya Syria, ingawa siku hizi nyingi hutoka Kupro. Majani madogo ya Mashariki hufukizwa kwa moshi wa miti na vichaka vya harufu hadi yanakuwa meusi. Ukifungua kopo chumba kizima kinanuka kama ngozi na ubani. Mchanganyiko wa Kiingereza wa jadi ni Latakia, Virginia na majani ya Mashariki. Mfano unaojulikana ni Nightcap, uliotamba kwa jina la Dunhill na sasa unauzwa kwa jina la Peterson. Nightcap huongezewa Periki, tumbaku ya wilaya ya Saint James huko Louisiana, inayochachushwa ndani ya mapipa chini ya mgandamizo kwa miezi mingi mpaka inanuka kama zabibu kavu na pilipili.

Hapa ndipo kiko cha Amboseli kinaposhinda. Latakia ikiingia kwenye briari haitoki. Ukiivuta humo wiki chache, kila Virginia utakayoitia baadaye itakuwa na kivuli chake. Jiwe halishiki harufu kwa namna hiyo. Leo unavuta Latakia, unakiacha kikauke, kesho unavuta tumbaku nyingine na unaipata kama ilivyo. Na ule uzito wa moshi wa Latakia, ambao kwenye mbao mara nyingi huja na unyevu, kwenye jiwe unakuja mkavu, ladha moja moja zikitambulika. Hiyo ndiyo ndoa ninayompendekezea kila anayenunua Kiko cha zamani. Virginia tupu mimi naivutia kwenye briari, kwa sababu ukoko wake huiongezea utamu na jiwe haliongezi chochote. Tumbaku za vanila zipeleke kwenye kiko cha gunzi. Zinaacha utando wa sukari, na gunzi ni rahisi kubadilisha. Viko vya gunzi vinatengenezwa Washington, mji mdogo wa Missouri, tangu 1869, na kwa kujaribia mchanganyiko usioujua bado sijaona chombo bora kwa bei yake.

Kuhusu kujaza, tatizo kubwa la wageni ni tumbaku mbichi. Bana kidogo kati ya vidole kisha uachie. Ikibaki imegandamana, iache kwenye karatasi ikauke. Ikifunguka yenyewe bila kuvunjika, iko tayari. Chini ijazwe legevu, juu ikazwe kiasi, na kabla ya kuwasha vuta hewa tupu: ikipita kwa shida, mwaga uanze upya. Tumia njiti ya kiberiti, si kiwasho cha petroli, na usiache moto ulambe ukingo wa jiwe. Usichomoe mrija kiko kikiwa cha moto, wala usikigonge popote ili majivu yatoke. Jiwe hili linavumilia moto kwa miaka, ila pigo moja la ukingo wa meza linalivunja vipande viwili.

Na niseme wazi kwa anayesoma bila kuwahi kuvuta: usianze. Mvutaji kiko kwa kawaida hamezi moshi, lakini saratani ya mdomo, ulimi na koo haimsamehe kwa hilo, na nikotini inamshika kama inavyomshika mvuta sigara. Moshi wangu hauingii chumba alicho mtoto. Uzuri wa viko, unaweza kuvipenda kama kazi ya mikono tu.

Kwa mwenye kiko cha tembo nyumbani: kabla hujakisugua wala kukipaka chochote, kipige picha pande zote, na maandishi yapige kwa karibu mwanga ukitokea ubavuni. Maneno kwenye jiwe laini hufutika kwa msasa mmoja wa haraka. Ukisoma kwamba nchi kilikotengenezwa ni Tanganyika, umeshika kitu cha enzi za jina hilo, kwani jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Jina la kampuni peke yake lisikudanganye, maana Tanganyika ni sehemu ya jina lake. Angalia nchi.