Ameanguka mkarafuuni, presha iko sawa: bado msimrudishe nyumbani

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, watu huanguka mikarafuuni. Majeruhi anaweza kufika hospitali anazungumza vizuri, hana jeraha, na presha yake ni ya kawaida. Jamaa zake huona hakuna haja ya kubaki. Tunawasihi wasubiri: bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ikipasuka, damu huvujia tumboni, na presha inaweza kubaki vilevile kwa muda.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Inapopungua, vihisi vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huupasha ubongo habari papo hapo. Moyo huamriwa kupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Mishipa ya ngozi, utumbo na figo hujibana ili damu iliyobaki iufikie ubongo na moyo wenyewe. Ndiyo maana viganja hupoa na jasho la baridi humtoka. Figo nazo hutoa kemikali iitwayo renini, inayoanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi isipotee. Homoni kutoka ubongoni hupunguza mkojo, kiu hushika, na maji yaliyo nje ya mishipa huingia ndani kuziba upungufu. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kurudi.

Kijana mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya lita 1 presha isishuke akiwa amelala. Ikiporomoka, mwili umeishiwa mbinu. Kwa hiyo tazameni mapema mapigo yanayozidi 100 kwa dakika ametulia, pumzi za haraka, wasiwasi, mkojo kidogo. Ila mzee anayetumia dawa ya presha inayopunguza kasi ya moyo, kama atenololi, moyo wake huenda usikimbie hata damu ikimwishia.

Mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, naye ni vivyo hivyo, na kwake nina hofu zaidi. Ujauzito humwongezea damu, hivyo huweza kupoteza nyingi kabla presha haijasema kitu. Akitoka damu nusu lita baada ya kujifungua, tayari ni hatari. Kanga zikilowa moja baada ya nyingine, mpelekeni hospitali, msingoje azimie.

Aliyeanguka alazwe chali, asigeuzwegeuzwe shingo wala mgongo, na afunikwe. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Hata akilia kiu, msimpe dafu wala chai, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Mloweshe midomo tu. Mkifika, mwambieni muuguzi ameanguka saa ngapi, kutoka urefu gani, na anatumia dawa gani.