Santuri iliyoanzia ndani: Warner Bros. na miaka ya kwanza ya sinema yenye sauti

Santuri ya kawaida unaiwekea sindano ukingoni, kisha sindano inajisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea katikati. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku: kusafisha santuri za zamani, nyingi za taarab na dansi, kuzicheza na kuzihamishia kwenye kompyuta. Kwa hiyo siku nilipowekewa mezani sahani ya Vitaphone, mfumo wa studio ya Warner Bros. ya Marekani ambao sauti ya filamu ilitoka kwenye santuri, mkono wangu ulikwenda ukingoni kwa mazoea. Mwenye sahani akanizuia. "Hii huanzia ndani," akasema.

Ni sahani kubwa, upana wake inchi 16. Karibu na katikati pana mshale unaoonyesha mahali pa kuweka sindano. Kwenye lebo kuna safu za visanduku vidogo: kila sahani ilipochezwa, mwendesha projekta alitia alama kisanduku kimoja, na ilipofika mara 20 hivi sahani ilitupwa. Nilivitazama visanduku vile kwa muda mrefu. Filamu za kwanza za sauti za Warner Bros. ziliishi juu ya kitu kilichohesabiwa siku zake namna hiyo.

Kuanzia ndani kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni sindano. Sindano za chuma za wakati ule ziliisha makali ndani ya dakika chache. Mifuo ya ndani ya santuri ndiyo yenye taabu kuisoma, kwa kuwa duara ni dogo na mawimbi ya sauti yamebanana. Mifuo ya nje ina nafasi. Basi sindano ipite penye taabu ikiwa bado mpya, imalizie penye nafasi ikiwa imechoka. Mtu yeyote aliyewahi kusikia wimbo mzuri ukianza kukwaruza kuelekea mwisho wa santuri ataelewa uzuri wa uamuzi huo.

Na mwendo wake je? Rili moja ya filamu, yaani gurudumu moja la mkanda, ilikuwa na urefu wa futi 1,000, na kwa fremu 24 kwa sekunde huisha kwa dakika 11 hivi. Santuri za mizunguko 78 hazikuweza kufika hata nusu ya muda huo. Wahandisi wa Western Electric, kampuni ya Marekani iliyotengeneza mfumo huo, wakapanua sahani na kupunguza mwendo hadi mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika. Kampuni ya santuri ya Columbia walipoleta LP, santuri ya kucheza muda mrefu, mwaka 1948, walitumia mwendo huohuo. Kwa hiyo kila LP ya dansi iliyo rafuni kwangu inazunguka kwa mwendo uliopangwa ili sahani iishe pamoja na rili ya sinema.

Warner Bros. ya mwaka 1925 haikuwa na ukubwa tunaoujua leo. Ndugu wanne, Harry, Albert, Sam na Jack, walikuwa nyuma ya Paramount na MGM, na hawakuwa na majumba mengi ya sinema. Sam, aliyependa mitambo, ndiye aliyeusukuma mfumo wa Western Electric mpaka nduguze wakakubali. Na walichokitaka kwanza ni muziki. Filamu zilikuwa bubu, na mjini New York sinema kubwa ilipigiwa na okestra nzima. Katika mji mdogo palikuwa na mpiga piano mmoja. Sahani ingempelekea mtu wa mji mdogo okestra ileile. Tarehe 6 Agosti 1926 walionyesha Don Juan, John Barrymore akiwa mwigizaji mkuu, na muziki wa New York Philharmonic ukitoka kwenye santuri. Ndani ya hadithi hakuna anayetamka neno. Usiku ule watu walivutiwa hata na filamu fupi zilizotangulia, hasa Giovanni Martinelli akiimba wimbo wa opera, sauti yake ikijaza ukumbi wakati yeye mwenyewe ni kivuli tu ukutani.

Rekodi hizo za mwanzo zilifanyiwa kwenye jumba la Manhattan Opera House, na karibu na hapo kulikuwa na baruti zikilipuliwa kwa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Mtikisiko ulifika hadi kwenye mashine ya kurekodia. Hebu fikiri: unakata sauti kwenye bamba la nta, unene wa uzi mwembamba, na ardhi inatetemeka. Nta haikusamehe kitu. Haikufutika wala kukatwa vipande, na ukiipitishia sindano kusikiliza ulichorekodi, umeiharibu. Ndiyo maana waliendesha nta mbili kwa pamoja, moja ya kusikiliza na kutupa, ya pili ya kupeleka kiwandani.

Niseme jambo moja la kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa lebo ya HMV, na Gramophone Company, wenye lebo hiyo, walikuwa na leseni ya mfumo wa kurekodi kwa umeme wa Western Electric tangu 1925. Ni ukoo mmoja na Vitaphone. Kila nikisikia jinsi mwimbaji wa enzi ile anavyosimama imara mbele ya maikrofoni, bila kupoteza pumzi, bila nafasi ya kurudia mstari mmoja tu, nakumbuka kwamba waigizaji wa Hollywood nao walibanwa na sheria hiyohiyo.

Kisha ikaja The Jazz Singer, 6 Oktoba 1927. Sam Warner alifariki dunia siku moja kabla, akiwa na miaka 40, na nduguze hawakuwapo ukumbini New York usiku wa kwanza. Watu huiita filamu ya kwanza ya kuzungumza, lakini sehemu kubwa yake ni bubu, yenye maandishi, muziki na nyimbo; mazungumzo ni kama dakika mbili tu. Kuna sehemu moja ninayowaonyesha vijana wanaojifunza kazi kwangu. Al Jolson yuko kwenye piano, anamwimbia mama yake, anasita, anaanza kumwambia atamnunulia hiki, atamhamishia mtaa ule. Anaongea ovyo kama mtoto aliyerudi nyumbani na furaha. Mlango unafunguka, baba anaingia, anapaza sauti neno moja: acha! Na filamu inanyamaza. Maongezi yanakatika, muziki unarudi, maandishi yanarudi. Hakuna mahali pengine katika sinema ninapousikia ukimya kama pale.

Katika filamu hiyohiyo Jolson anajipaka uso weusi ili aimbe kama Mweusi. Ulikuwa mtindo wa majukwaa ya Marekani wakati ule, na ulikuwa ni dharau. Naonyesha na sehemu hizo pia, kwa sababu zimo kwenye sahani zilezile.

Filamu ya kwanza ndefu yenye mazungumzo mwanzo hadi mwisho ni Lights of New York ya Julai 1928. Ilianza kama filamu fupi, mwongozaji Bryan Foy akairefusha hadi dakika 57. Iligharimu dola 23,000 hivi na kuingiza zaidi ya milioni. Wengi wanaoitazama leo wanacheka. Bosi wa genge amekaa mezani, vijana wake wawili mbele yake, na amri ya kumuua mtu inatolewa neno moja moja, taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto imla. Hakuna anayesogea.

Mimi sicheki, kwa kuwa najua kilichowazunguka. Maikrofoni haikufuata mtu. Ilifichwa mahali, nawe ulisema ukiwa karibu nayo au hukusikika. Kamera ilipiga kelele, hivyo iliwekwa ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo, na mpiga picha akafungiwa humo humo na joto. Taa za zamani zilizovuma ziliondolewa, zikaja za balbu zilizochoma. Na kwa kuwa nta haikatwi, tukio lote lilirekodiwa kwa mkupuo mmoja, kamera kadhaa zikienda pamoja kutoka pembe tofauti. Picha ungeweza kuzikata baadaye ukazipanga. Sauti, hapana. Mwigizaji akikohoa dakika ya nane, mnaanza upya. Ukiwaona wamekauka pale mezani, unachokiona ni watu wanaoiogopa nta.

Shida haikuishia studio. Kwenye chumba cha projekta, mtu alifunga rili, akatafuta fremu yenye alama ya kuanzia, akaweka sindano kwenye mshale wa sahani, kisha mota moja ikaviendesha vyote viwili. Mkanda ukikatika na fremu kumi zikapotea, hakuweza kuunga tu. Ilimpasa aweke fremu kumi nyeusi mahali pake, la sivyo midomo ingetangulia maneno hadi mwisho wa rili. Sindano ikiruka mfuo mmoja, umepotea mzunguko mmoja mzima, yaani sekunde 1.8, karibu fremu 43. Mwanamke anafumbua mdomo, sauti inayotoka ni ya mwanamume. Kazi hiyo niliwahi kuiigiza mwenyewe kwa nakala na mota ya kisasa, nikatokwa na jasho kwa dakika 11.

Fedha zilipoanza kuingia, Warner walinunua mtandao wa majumba ya sinema wa Stanley na studio ya First National yenye uwanja wake Burbank, yote mwaka 1928. Mwaka uliofuata wakatoa On with the Show!, yenye mazungumzo na rangi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Disraeli, iliyompa George Arliss Oscar.

Lakini Fox na wengine walikuwa wakiandika sauti kwenye ukingo wa mkanda wenyewe, na sauti ya namna hiyo ilikatika pamoja na picha. Kufikia 1931 Warner nao walikuwa wamehamia huko, ingawa sahani ziliendelea kupelekwa kwa sinema zenye mitambo ya zamani. Tofauti unaisikia katika The Public Enemy ya mwaka huo, ya William Wellman. James Cagney amemfuata mzee aliyemwingiza kwenye wizi utotoni. Mzee anakaa kwenye piano, anaimba wimbo wao wa zamani akijaribu kuiokoa roho yake. Kamera inamwacha, inamgeukia rafiki aliyesimama mlangoni. Tunasikia risasi, halafu vidole na mwili vikiangukia vitufe. Mauaji yote yako masikioni. Kutoka kwenye ile meza ya Lights of New York hadi hapa ni miaka mitatu tu.

Sahani zilizoachwa nyuma zikatengana na picha zake. Baadhi ya filamu zina mkanda bila sahani, nyingine sahani bila mkanda. Tangu 1991 wakusanyaji walioanzisha The Vitaphone Project wamekuwa wakizitafuta sahani majumbani na maghalani, na taasisi kama UCLA Film & Television Archive na Library of Congress zikaunganisha sauti na picha tena. Nyingi kati ya filamu fupi za waimbaji na wachekeshaji zimefufuka hivyo.

Gold Diggers of Broadway ya 1929 haijapata bahati hiyo. Ilikuwa ya rangi, ikapendwa mno, na sauti yake yote ipo. Picha zilizobaki ni hasa za rili mbili za mwisho, nazo hazikukamilika. Huwa naisikiliza taa zikiwa zimezimwa. Nick Lucas anaimba na gitaa lake, Winnie Lightner anawachekesha wenzake, viatu vya wachezaji vinagonga sakafu ambayo hakuna anayeweza kuiona tena. Kila baada ya dakika kumi hivi kukwaruza kunabadilika: sahani moja imeisha ukingoni, nyingine imeanzia ndani. Zipo zinazosikika zimechoka, na zipo safi kabisa, za rili ambazo pengine mwendesha projekta hakuwahi kutia alama kwenye visanduku vyake.