Hawa wa njano ni akina nani, na wanaaminika?

Binti mmoja wa Tanga, muuguzi, ambaye kwa heshima huniita kaka ingawa kwa umri ningefaa kuwa mjomba wake, alinitumia picha kwa WhatsApp. Kipeperushi kilipenyezwa kwenye tundu la barua mlangoni kwake, katika mji mdogo kusini mwa Uingereza. Karatasi ya njano. Mgombea kasimama kando ya shimo la barabarani, kakunja uso kama aliyefiwa. Chini yake grafu ya nguzo tatu: ya njano na ya buluu (ya Wahafidhina) zinakimbizana, nyekundu (ya Labour) imebaki chini kabisa, na maneno yanasema Labour hawawezi kushinda hapa. "Kaka, hawa wa njano ni akina nani? Sisi tumezoea njano na kijani pamoja. Na wanaaminika?"

Kwanza nilimtoa hofu kwamba ana haki ya kupiga kura. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi huku kihalali anaweza kujiandikisha, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Wapo waliokaa huku miaka kumi bila kulijua hilo.

Hao wa njano ni Liberal Democrats. Walizaliwa 1988, chama kikongwe cha Liberal kilipoungana na SDP, kundi lililojitenga na Labour 1981. Wanataka Uingereza iwe karibu zaidi na Umoja wa Ulaya, wanataka mfumo wa kura ubadilishwe, wanatetea uhuru wa mtu binafsi, na miaka hii wamekazania matunzo ya wazee na wagonjwa pamoja na maji taka yanayomwagwa mitoni. Mwaka 2003, chini ya Charles Kennedy, walipinga vita vya Iraq wakati Labour na Wahafidhina walikuwa upande mmoja. Mahasimu wao huwaona popo, si ndege si mnyama. Nembo yao, kwa bahati, ni ndege.

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, maana kazi yangu ni kusoma takwimu za uchaguzi, na takwimu za chama hiki hulaghai kuliko za chama kingine chochote ninachokijua.

Tazama. Mwaka 2019 walipata asilimia 11.5 ya kura na wabunge 11. Mwaka 2024 walipata asilimia 12.2, na wabunge 72. Kura hazikuongezeka hata pointi moja, viti vikazidi mara sita. Je, wananchi waliwaamini mara sita zaidi? Hata kidogo. Uchaguzi huohuo, Reform, chama cha Nigel Farage, walipata asilimia 14.3 na kuambulia viti vitano. Ukirudi nyuma hadi 1983, muungano wa Liberal na SDP ulizoa asilimia 25.4 ya kura ukapewa viti 23, huku Labour kwa asilimia 27.6 wakichukua 209. Katika kila jimbo mshindi ni anayeongoza, hata kwa kura moja. Wa pili harudi na kitu. Mwaka 1983 kura zao zilimwagika kama mtama uwanjani, kidogo kila mahali. Mwaka 2024 walizirundika zaidi pale walipokuwa wa pili nyuma ya Wahafidhina, hasa kusini mwa England, na wapenzi wengi wa Labour wa maeneo hayo wakaziba pua wakawapa kura ili kumng'oa mbunge wa buluu.

Ndiyo maana ya zile nguzo tatu. Hazisemi "tupende sisi". Zinasema "fanya hesabu". Chama hiki kina sifa ya grafu ambazo nguzo zake hazilingani na namba zilizoandikwa juu yake, na wachambuzi wamecheka nazo miaka mingi. Nilichukua rula ya mwanangu nikapima ile ya muuguzi wetu kwenye skrini. Safari hii ilikuwa sawa. Nilisikitika kidogo.

Lakini iko sababu ya kutoaminiwa iliyo nzito kuliko grafu, nayo ni ya 2010. Kabla ya uchaguzi ule, Nick Clegg, kiongozi wao wa wakati huo, na wagombea wenzake walitia saini, mbele ya kamera, ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada ya vyuo vikuu. Haikuwa mstari uliofichwa kwenye ilani. Walishika karatasi mkononi wakapigwa picha. Mwezi Mei wakaingia serikali ya mseto na Wahafidhina wa David Cameron. Desemba serikali hiyo ikapandisha kikomo cha ada England kutoka pauni 3,290 hadi 9,000 kwa mwaka. Katika wabunge wao 57, ni 21 tu waliopiga kura ya kupinga.

Clegg aliomba radhi kwa video mwaka 2012. Watu wakaigeuza wimbo.

Watetezi wao husema walipata mengi: kima cha mshahara kisichotozwa kodi kilipanda hadi pauni 10,000, na shule zikapewa fedha za ziada kwa watoto wa familia maskini. Ni kweli. Ila mpini aliushika Cameron, wao walishika makali. Hata kura ya maoni ya 2011 ya kubadili mfumo wa uchaguzi, waliyoipigania sana, ilikataliwa kwa asilimia 67.9. Mwaka 2015 wakabaki wabunge wanane. Viti 49 vilikwenda, na 27 kati ya hivyo vilichukuliwa na Wahafidhina, washirika wao wa juzi. Hapo wengi hukosea kwa kudhani ni wanafunzi peke yao waliowaadhibu. Wale wa Labour waliokuwa wakiwaazima kura ili kuwazuia Wahafidhina walijiuliza: kumbe nilimpigia nani?

Ed Davey, kiongozi wa sasa, alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo, akiwa na dhamana ya posta. Mwaka 2010 alikataa mwanzoni kukutana na Alan Bates, aliyekuwa akiwapigania wasimamizi wa posta walioshtakiwa bila hatia kwa sababu ya hitilafu za mfumo wa kompyuta. Baadaye alikutana naye, na miaka mingi baadaye akaomba radhi. Kampeni ya 2024 aliifanya kwa kuanguka ziwani Windermere akiwa juu ya ubao wa kupiga kasia. Mie nilidhani ni upuuzi. Kumbe kila alipolowa, kamera zilimfuata, na akapata nafasi ya kuzungumzia maji taka.

Mtaani ni hadithi nyingine. Diwani wao hupiga hodi hata mwaka usio na uchaguzi, hukumbuka taa ya barabarani uliyoilalamikia. Mei 2025 walipata madiwani wengi kuliko Wahafidhina na wakachukua halmashauri za Oxfordshire, Cambridgeshire na Shropshire. Jirani yangu mstaafu huwapa kura ya udiwani kila mara. Nikimwuliza kuhusu kuongoza nchi, huangalia mawingu.

Muuguzi akaona namzungusha. "Kaka, niwape au nisiwape?"

Nikamwomba postikodi yake.