Kupanga chanjo ya mdondo kwa modeli ndogo: mfano wa kijiji cha Tabora

Ripoti nyingi za chanjo ya mdondo (ugonjwa wa virusi wa kuku, Newcastle), au kideri kama wengine wanavyouita, huishia kwenye namba moja: kuku waliodondoshewa tone la chanjo, gawanya kwa kuku waliopo, zidisha kwa mia. Asilimia 80, kazi imekwisha. Lakini namba hiyo ni ya siku moja. Mdondo huja kiangazi kikiwa kimekolea, na kinachoamua wakati huo ni kuku wangapi wana kinga mwezi Agosti, si wangapi walikamatwa Juni. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo linapigiwa hesabu. Hesabu yenyewe ndiyo modeli. Haihitaji kompyuta kubwa. Jedwali la Excel linatosha, hata daftari na kikokotoo cha simu.

Tuchukue kijiji kimoja cha Uyui chenye kuku wa kienyeji 3,000. Namba ninazotumia hapa ni za mfano. Za kijiji chako utazipata kwa njia nitakayoeleza baadaye.

Siku ya chanjo mmekamata asilimia 80 ya kuku. Waliobaki ni wa kaya zilizokwenda shamba, majogoo waliolala mwembeni, na vifaranga ambao mama mwenye nyumba hakutaka washikwe. Kati ya waliodondoshewa, si wote watajenga kinga ya kutosha. Tuseme asilimia 85 wanaijenga. Zidisha 0.80 kwa 0.85, unapata 0.68. Kwa hiyo ripoti inasema 80, ila kuku wenye kinga, wiki mbili baadaye, ni 68 katika kila mia.

Kuanzia hapo kinga inaliwa kutoka pande mbili. Kwanza, kuku wanapishana: huyu kauzwa gulioni, yule kachinjwa kwa ajili ya mgeni, mwingine kachukuliwa na mwewe, na nafasi zao zinajazwa na vifaranga ambao hawajawahi kuona chanjo. Tuseme kila mwezi asilimia 12 ya kuku wote wa kijiji ni wapya. Pili, kinga yenyewe hufifia. Tuseme kila mwezi asilimia 8 ya waliokuwa nayo wanashuka chini ya kiwango cha kuwalinda. Kwa hiyo kila mwezi kinabaki 0.88 mara 0.92, yaani 0.81 ya kinga ya mwezi uliotangulia.

Kwenye Excel, seli ya mwezi wa kwanza andika 0.68, ya chini yake andika seli iliyo juu mara 0.81, kisha buruta hadi chini. Utaona: 0.68, 0.55, 0.45, 0.36, 0.29. Miezi mitatu baada ya kampeni ya asilimia 80, kijiji kimebaki na kinga ya asilimia 36. Hakuna aliyefanya kosa. Kuku wa kienyeji ndivyo walivyo, na ndiyo sababu mpango wa shamba la kuku wa mayai, ambako kuku wote wameingia siku moja na umri wao unajulikana, hauhamishiki kijijini kama ulivyo.

Mwezi wenye chanjo una kanuni yake: kinga mpya ni kinga iliyopo, ongeza 0.68 mara wale wasio na kinga. Ikiwa imebaki 0.36, unaongeza 0.68 mara 0.64, unafika 0.80. Raundi ya pili kila mara hupanda juu kuliko ya kwanza. Jambo hilo tutalitumia.

Mstari wa kuzuia

Kinga ya asilimia ngapi inatosha? Inategemea kaya moja yenye ugonjwa inaambukiza kaya ngapi nyingine pale ambapo hakuna kinga. Ikiwa inaambukiza kaya 2, unahitaji kinga ya nusu ya kuku. Ikiwa ni 3, unahitaji theluthi mbili. Kanuni: 1 toa 1 gawanya kwa namba hiyo.

Namba hiyo unaweza kuikadiria kijijini kwako bila maabara. Kaa na wenyeviti wa vitongoji, uliza mlipuko wa mwisho ulianzia kwa nani, kisha kaya ngapi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mdondo kwa kawaida huchukua siku 5 au 6 tangu kuku aambukizwe hadi aonyeshe dalili, kwa hiyo wiki moja ni kipimo kizuri cha kizazi kimoja cha maambukizi. Ukisikia kaya 3, kisha 6, kisha 12, basi ni 2 kwa 1. Hesabu wiki za mwanzo tu. Wiki za mwisho hudanganya, kwa sababu kuku wameshakwisha na ugonjwa unaonekana kupungua wenyewe.

Tahadhari moja. Mfugaji akiona kuku wawili wamezubaa na mmoja anaharisha kijani, waliobaki huwatia kwenye tenga akawahi gulio kabla hawajafa. Ukikaa ndani ya kijiji kimoja na kuhesabu, hutaiona safari hiyo. Namba ya kijiji itatoka ndogo kuliko uambukizaji wa kata nzima, na Tabora, yenye reli ya kwenda Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam, ina matenga yanayosafiri mbali. Mimi huendesha jedwali mara tatu: kwa 2, kwa 2.5 na kwa 3, yaani mstari wa 50, wa 60 na wa 67.

Usichanganye pia mstari wa kaya na kaya na ule wa ndani ya banda moja. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ili kuzuia virusi kuenea ndani ya kundi moja la kuku, zaidi ya asilimia 85 yao lazima wawe na kingamwili za kutosha. Kwa kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula, kufika hapo ni nadra. Tunachoweza kupanga ni ugonjwa usiruke kirahisi kutoka kaya hadi kaya.

Raundi tatu zile zile, tarehe nyingine

Sasa tuitumie modeli kwa kazi yake halisi. Bajeti ina raundi tatu kwa mwaka. Kalenda ya kawaida huziachanisha sawasawa, kila miezi minne: 1 Februari, 1 Juni, 1 Oktoba. Ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, kinga inakwenda hivi: Juni baada ya chanjo 0.79, Julai 0.64, Agosti 0.52, Septemba 0.42, na asubuhi ya 1 Oktoba kabla ya kudondosha, 0.34. Mstari wa 50 unavunjika kama tarehe 5 Agosti. Wiki nane, Agosti na Septemba karibu yote, kijiji kiko wazi katikati ya msimu wenyewe. Na raundi ya Februari imeinua kinga wakati wa masika, kisha ikamwagika.

Hamisha tarehe: 1 Mei, 1 Juni, 15 Agosti. Chupa ni zile zile. Mei kinga inapanda hadi 0.73. Juni mnapokuta 0.59 mnaipandisha hadi 0.87, kwa sababu raundi mbili zimefuatana na zile kaya zilizokuwa shamba mara ya kwanza nyingi mnazikuta mara ya pili. Katikati ya Agosti imeshuka hadi 0.51, mnadondosha tena, inakuwa 0.84, na haivuki chini ya 50 hadi mwisho wa Oktoba. Msimu wote umefunikwa.

Gharama yake ni kwamba kuanzia Novemba hadi Aprili kinga ni ndogo sana. Ikifika 1 Mei mnaanza na 0.14. Krismasi na Mwaka Mpya matenga hutembea sana, na wilaya yenye historia ya milipuko ya Desemba isiige kalenda hii kwa macho yaliyofumbwa. Pia kwa mstari wa 67 hakuna mpangilio wowote wa raundi tatu unaofunika miezi yote minne ya kiangazi. Nimejaribu tarehe nyingi. Atakayekwambia raundi tatu zinatosha popote, mwombe jedwali lake.

Watu wengi jibu lao la kwanza ni kuongeza juhudi ya kukamata: tufike asilimia 90. Badilisha namba hiyo kwenye kalenda ya miezi minne uone. Kinga ya chini kabisa inapanda kutoka 0.34 hadi 0.37. Jasho lote la kukimbiza kuku wa mwisho kijijini limenunua pointi tatu.

Sasa jaribu kitu kingine: mchanjaji wa kijiji apite mara moja kila mwezi kwa ajili ya vifaranga wapya tu, akiwapata nusu yao. Asilimia 12 ya kuku 3,000 ni vifaranga 360. Nusu ni 180, matone 180. Kwa kuwa baadhi ya vifaranga wadogo bado wana kinga ya mama inayoipunguza nguvu chanjo, kadiria kwamba 70 katika 100 ndio wanaojenga kinga, si 85. Hapo kila mwezi unaongeza 0.12 mara 0.5 mara 0.7, yaani 0.042. Kinga ya chini kabisa inatoka 0.34 hadi karibu 0.48. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ninazozijua kwa gharama ndogo, na ndiyo mipango mingi isiyoiwekea hata posho ya baiskeli.

Namba za kijiji chako

Asilimia 12 ya kuku wapya inapatikana hivi: chagua kaya 30 kwa bahati nasibu, si zile za karibu na ofisi ya kata. Hesabu kuku wote, rudi baada ya siku 30, uliza wangapi wametotolewa au kununuliwa na bado wako hai. Fanya hivyo walau mara mbili kwa mwaka. Baada ya mavuno chakula kinapokuwa tele, mitetea huatamia zaidi, na 12 inaweza kuwa 20. Ikiwa 20, basi kila mwezi kinabaki 0.80 mara 0.92, yaani 0.74, na kalenda yote inabadilika.

Asilimia 85, ile ya waliodondoshewa wanaojenga kinga, ndiyo inayoharibika kimyakimya. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 huvumilia joto: ikiwa kavu na gizani, hukaa na nguvu wiki 8 kwenye nyuzi 28. Watu wakisikia inavumilia joto huelewa kwamba haihitaji kutunzwa. Oktoba mchana Tabora hupita nyuzi 30 kivulini, sembuse ndani ya buti la pikipiki. Ibebe imefungwa kwa kitambaa kibichi, mbali na jua. Ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba yenye klorini. Na kabla ya kampeni, hesabu matone ya chupa yako ya kudondoshea katika mililita 1. Chupa tofauti hutoa matone ya ukubwa tofauti, na tone likiwa dogo kuliko lilivyokusudiwa, kila kuku anapata pungufu ya dozi. Ishike wima. Ukiilaza, tone linabadilika.

Ukitaka kujua modeli imesema kweli, pima damu. Kuku 100 kutoka kaya zile 30, watatu au wanne kila kaya, mara mbili: wiki tatu baada ya raundi, na siku chache kabla ya raundi inayofuata. Kipimo cha pili ndicho cha thamani, nacho ndicho huachwa. Kuku 100 wanakupa usahihi wa pointi 10 juu au chini, pengine hafifu zaidi kwa kuwa kuku wa kaya moja hufanana. Katika kipimo cha HI, kinachopima kingamwili katika damu, anayefikia 3 kwenye skeli ya log2 (kila hatua moja ni mara mbili ya iliyotangulia) au zaidi mhesabu kuwa na kinga. Kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) cha Tabora ndicho pa kuanzia kuulizia utaratibu wa sampuli.

Na mafua makali ya ndege?

Swali hili hutoka zaidi Kigoma, na lina msingi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hupokea ndege wanaohama, na mwaka 2017 H5N8, aina mojawapo ya virusi vya mafua hayo, ilithibitishwa Uganda na Kongo. Jedwali ni lile lile ila namba ni kali zaidi. Chanjo za H5 zinazotumika sana ni zile zilizouawa, za sindano, zinazotaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na mara nyingi dozi mbili. Kuku aliyepata ya kwanza awepo bado baada ya wiki nne, kisha akamatwe tena: 0.80 mara 0.88 mara 0.80, ni 0.56 kabla hata ya kuuliza kama kinga imejengeka. Ufaransa ilianza kuchanja bata Oktoba 2023, lakini hao ni bata wa mabanda, wanaojulikana idadi na umri, na uchunguzi wa maabara ukiendelea nyuma yao, maana ndege aliyechanjwa anaweza kubeba virusi bila kuugua.

Chanjo ya H5 huamuliwa na serikali, si kijiji. Lakini mdondo na mafua makali vinaua kwa namna inayofanana machoni, na kijiji cha Uvinza ambacho kinga yake ya mdondo mwezi Agosti inajulikana kuwa 0.84 kina faida moja: kuku waliochanjwa wakianza kufa kwa wingi, afisa mifugo ana sababu ya kutosha kuzuia matenga yasitoke na kutuma sampuli siku hiyo hiyo, badala ya kuandika "mdondo" na kufunga daftari.